Swali la Utafiti Lililoiva

Wanafunzi wa uzamili wanapowasilisha maswali yao ya utafiti mbele ya wenzao, mimi husikiliza kwanza kama kuna neno "athari". Likitokea mapema, mara nyingi kazi bado ni mbichi. Chukua swali hili: "Mabadiliko ya tabianchi yana athari gani kwa wakulima wa mwani Zanzibar?" Darasa zima litaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo pa kutilia shaka. Swali hilo halina wa kulipinga, wala halimwambii mwenyewe aanzie kijiji gani na amuulize nani.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina zinazolimwa ni mbili: cottonii, yenye bei nzuri, na spinosum, inayostahimili zaidi lakini bei yake ni ya chini. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, cottonii ikawa inaugua na kukatika kwenye kamba. Mwanafunzi aliyezifuatilia habari hizi atauliza hivi: "Wakulima wa kijiji cha Paje waliobaki na spinosum peke yake wanalizibaje pengo la kipato lililoachwa na cottonii?" Sasa tunajua nani ahojiwe, wapi, na kuhusu nini. Tena jibu laweza kumshangaza muulizaji: pengine atakuta pengo lenyewe halikuwa kubwa kama alivyodhani, au liliwaumiza wajane kuliko wenye waume wavuvi. Swali ambalo haliwezi kumshangaza mwenye nalo sioni sababu ya kulipeleka uwandani.

Jihadhari pia na swali lililokwisha kutoa hukumu. "Kwa nini vijana wanadharau kilimo cha mwani?" Nani kasema wanakidharau? Hilo ndilo lililopaswa kuchunguzwa kwanza.

Maoni ya wasikilizaji nayo yana daraja zake. "Hongera kwa wasilisho zuri" ni adabu yetu na isiachwe, ila haihesabiki kuwa maoni. "Kwa nini hukuchagua Pemba?" mara nyingi hutoka kwa mtu anayetamani mwenzake amfanyie utafiti wake yeye. Lakini msikilize huyu: "Dada, utajuaje kwamba kipato kilishuka kwa sababu ya aina ya mwani, na si kwa sababu wanunuzi walipunguza bei ya kilo?" Haya ni maoni ya thamani kubwa. Yanamtuma mwasilishaji akatafute bei za miaka iliyopita, hayamvunjii heshima, na swali linabaki kuwa lake.

Mtazame mwasilishaji naye anapoulizwa. Anayejitetea kwa kila hoja papo hapo ataondoka na swali lilelile alilokuja nalo. Mimi humwamini zaidi yule anayeinama akaandika, kisha akamwomba mwenzake arudie taratibu.

Wakufunzi, nawaomba jambo moja. Wasilisho likimalizika, kila msikilizaji aandike swali lake kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Akianza kusema yule mwenye sauti kubwa, wengine humfuata, na hoja ya mwanafunzi mpole wa safu ya nyuma, ambayo huenda ndiyo ingeuokoa utafiti, haitasikika.