Picha Hii Ilipigwa kwa Ajili ya Nani?

Huku Minnesota baridi ikishakaza, Jumamosi mtu hana pa kwenda ila majumbani kwa watu au madukani. Mie nina ugonjwa wa maduka ya vitu vya kale, na mke wangu amenisema mpaka amechoka. Maduka hayo yapo Minneapolis, yapo Saint Paul, na mji wa Stillwater, mwendo mfupi upande wa mashariki, unajulikana kwa biashara hiyo. Karibu kila duka, nyuma ya sahani za maua na taa za mafuta, lina kasha la picha za zamani za watu wasiojulikana. Siku moja nilikuta kasha lina kibao cha kuandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, maana yake: "Mababu wa papo kwa papo, dola moja kila mmoja."

Nilicheka, kisha nikavua glavu nikaanza kuchambua. Nyingi zilikuwa picha za studio zilizobandikwa kwenye kadi ngumu, kama sentimita 11 kwa 17, aina iliyoenea tangu miaka ya 1860 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mzee wa ndevu kaketi, mkewe kasimama kamwekea mkono begani. Mtoto kavishwa gauni la kubatiziwa. Ukizijua sura za huku unakisia ni Wanorwe, Waswidi au Wajerumani waliokuja kulima. Chini ya kadi jina la mpiga picha limechapwa kwa wino wa dhahabu, mathalan Zimmerman wa Saint Paul, aliyekuwa na sifa sana enzi zake. Geuza nyuma utafute jina la aliyepigwa. Hakuna kitu.

Ndani ya kasha lilo hilo, kwenye mfuko wa plastiki wa peke yake, palikuwa na postikadi. Mwanamke kijana, leso mbili, majasi masikioni, kaegemea kiti cha studio na kutazama pembeni. Chini limechapwa jina la Gomes, Zanzibar, na maneno ya Kiingereza ambayo tafsiri yake ni "Mwanamke wa Kiswahili". Bei: dola 18. Nilimuuliza mwenye duka kwa nini huyu ni dola 18 na mzee wa Kinorwe ni dola moja. Akanijibu bila kuficha: "Afrika inauzika." Akaongeza kwamba yule mzee naye angepanda bei kama angekuwa na jina, kwa sababu watu wanaotafuta nasaba zao wangemnunua. Nikauliza, na huyu mwanamke, akiwa na jina? Akafikiri, akasema haitabadilisha chochote.

Jibu hilo nimekaa nalo majira mazima ya baridi. Nalileta kwenu kwa sababu nadhani sisi tunaoandika juu ya picha za pwani tunalirudia kosa la lile kasha: tunawaweka pamoja watu wasio na majina kana kwamba wote walipoteza majina kwa njia moja.

Tuanze na yule mzee. Jina lake halikuandikwa kwa sababu kila mtu nyumbani alimjua. Nani huandika "huyu ni baba" nyuma ya picha ya baba? Nakala moja ilibaki Minnesota, nyingine huenda ilisafiri ndani ya barua mpaka Norwe kuwaonyesha waliobaki kwamba amefika salama, ana koti, ana mke. Waliomjua wakafa, nyumba ikauzwa pamoja na vilivyomo, kasha likafika dukani. Jina limepotea kwa sababu ya ukaribu.

Yule mwanamke wa Unguja hali yake ni nyingine. Jina lake halikusahauliwa, halikutakiwa tangu mwanzo. Wapiga picha wa Kigoa, kina Gomes na Coutinho, walikuwa mafundi hodari na waliwapiga picha matajiri na watawala pia. Sultani Barghash alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha, na mpaka leo hakuna anayezungumza juu ya picha hizo bila kumtaja jina. Biashara ya postikadi haikuhitaji mtu, ilihitaji namna ya watu. Abiria wa meli anunue, aandike nyuma kwamba kuna joto na kesho tunaelekea Durban, atie stempu. Hiyo niliyoikuta ndivyo ilivyoandikwa. Juu ya aliye upande wa pili wa karatasi hakuna hata neno.

Tena kuna jambo zito zaidi. Hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja ilifutwa mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya amri ile. Mwanamke aliyepelekwa studio katika miaka ile, akavishwa, akaambiwa egemea hapa, sisi tulioko leo hatuna njia ya kumwuliza kama aliweza kukataa. Na tukilipata jina lake, je, litakuwa lake? Watumwa wengi walipewa majina na mabwana zao, ndiyo maana tunawakuta kina Mabruki na kina Feruzi wengi hivyo katika maandiko ya wasafiri. Sisi wa ughaibuni twapenda kuwaambia watoto wetu "mwacha asili ni mtumwa". Mie sina hamu tena ya kuisema methali hiyo mbele ya postikadi kama ile. Huenda aliyemo hakuiacha asili, alitolewa kwa nguvu.

Sasa wasomi wanasemaje? Kitabu cha Prita Meier kiitwacho The Surface of Things, kilichotoka mwaka 2024, kimenisaidia sana. Anatuhimiza tuache kuziangalia picha za pwani kama madirisha ya kuchungulia nafsi za watu. Zilikuwa vitu, anasema: vilikuja na meli kama vilivyokuja sahani na saa, vikatundikwa, vikatolewa zawadi, vikaonyeshwa wageni. Nakubaliana naye, hasa kwa postikadi, ambako ukidai umeiona "nafsi" ya yule dada umejidanganya. Lakini nina shaka moja. Kitu huwa na wa kukipokea. Ukikaa sana kwenye uso wa kitu unaweza kusahau kwamba picha ina upande inakoelekea, ina mtu aliyekusudiwa kuishika mkononi.

Heike Behrend, katika Contesting Visibility (2013), ameligusa hili kwa njia nyingine. Ameandika juu ya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, na pia juu ya Waislamu wa pwani, hasa wanawake, wanaoitaka picha na papo hapo kuikataa, kwa sababu ya sitara. Ni kazi ya miaka mingi, na heshima zake anazo. Hata hivyo kila anayeandika juu ya somo hili ana mtihani ule ule: ukishaeleza vizuri kwa nini watu hawataki kuonekana, utachapa picha gani ndani ya kitabu chako?

Mtihani huo mie niliufeli, na hapa naomba mnisamehe nikisema ya nyumbani. Nina picha ya nyanya yangu, iliyopigwa studio moja ya Mombasa katika miaka ya 1950. Kavaa gauni, kichwa wazi, nywele kasuka, mkononi saa ambayo naambiwa ilikuwa ya kuazima. Ni picha nzuri wallahi. Nilipoalikwa kuzungumza chuoni juu ya studio za pwani niliiskani, nikaionyesha ukutani ukubwa wa mlango, nikataja jina lake kamili, mtaa wake na mwaka wake. Nilijiona nimetenda haki: hawa wengine hawana majina, huyu wangu ninaye na jina ninalo! Waandaaji wakaiweka mtandaoni. Haikupita wiki, binamu yangu akaiona, ikafika kwa shangazi.

Shangazi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema: "Mwanangu, wewe umesoma sana, lakini hukuuliza. Mama alipiga ile picha ampelekee baba yuko Bahareni. Mtu mmoja. Akaiweka kwenye sanduku, hata sisi tulikuwa hatuonyeshwi. Sasa weye umemtoa kichwa wazi mbele ya wazungu na jina lake ukawapa."

Niliandika barua iondolewe, ikaondolewa. Nakala zilizokwisha kuchukuliwa siwezi kuzirudisha. Nyanya yangu alifariki miaka mingi, na mtu anaweza kusema hakudhurika. Nilijaribu kuisema hoja hiyo kwa shangazi. Alinyamaza mpaka nikaona haya.

Nilichojifunza hapo ndicho kinachonipa ujasiri wa kuikosoa kauli tunayoipenda sote, kwamba kazi yetu ni "kuwarudishia watu majina yao". Kwa mzee wa Kinorwe, sawa. Kwa nyanya yangu, jina lilikuwa nusu ya kosa langu. Swali la kwanza tunalouliza, huyu ni nani, limekuja mapema mno. Lililotakiwa kutangulia ni hili: picha hii ilipigwa kwa ajili ya nani?

Nitatoa mfano wa hapa hapa tunapoishi, ambapo majina yalirudi bila kumvunjia mtu heshima. John Glanton alikuwa mpiga picha Mmarekani mweusi hapa Minneapolis. Katika miaka ya 1940 alipiga harusi, vilabu, wanamuziki, watoto wachanga, watu wa kanisani. Miaka mingi baadaye negativu zake zilifika maktaba ya Hennepin County, na maktaba ikaomba watu waje wazitazame na kusaidia kuwatambua waliomo. Mwaka 2018 kikatoka kitabu, Double Exposure. Upande wa Saint Paul mtaa wa Rondo, mtaa wa watu weusi, ulikuwa umepasuliwa katikati na barabara kuu ya I-94 katika miaka ya 1950 na 1960, mamia ya familia zikahamishwa. Mtu aliyebomolewa nyumba, picha ya rafiki akicheka sebuleni kwake ni shahidi. Lakini angalieni kilichoifanya kazi ile iwezekane: Glanton aliwapiga majirani, kwa ajili ya majirani, na walioitwa kuwatambua ni wale wale na watoto wao. Picha ilirudi ilikokuwa imeelekea tangu mwanzo.

Linganisheni na mkusanyo wa Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago tangu mwaka 2002. Picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 mpaka 1960, zilizokusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton. Kutoka hapa ni safari ya gari ya siku moja, na nyingi zinapatikana kwenye intaneti. Bila mkusanyo huo tungekuwa maskini zaidi, nasema kwa dhati, na mkusanyaji si mwizi. Ila maelezo mengi yanayofuatana na picha za namna hiyo ni ya waliozipiga au waliozinunua. Ukizisoma unajua bwana shamba fulani alikuwa wapi mwaka fulani, na waliomzunguka ni "wenyeji". Kutuomba sisi tuwataje wote bila kuuliza lile swali la mwanzo si uungwana kamili.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo la kikazi. Katika orodha zetu za picha, kabla ya mahali pa kuandika jina la aliyepigwa, tuongeze mistari mitatu: nani alilipia picha, ilipigwa ili imfikie nani, na nani wa ukoo au mtaa ameulizwa kabla haijaonyeshwa. Mstari wa tatu ukiwa mtupu, uachwe mtupu waziwazi, kila msomaji auone. Najua tutapoteza picha nzuri. Ile ya nyanya yangu mmeshaipoteza.

Ile postikadi niliinunua. Dola 18 pamoja na kodi, na mke wangu bado hajaambiwa bei. Sijaiskani. Nimeiweka kwenye bahasha, na juu yake nimeandika tu mahali nilipoipata na tarehe, maana hayo ndiyo ninayoyajua.

Shangazi naye tumesikizana. Mwezi uliopita tulikaa kwenye simu saa mbili nzima, mie namweleza kila picha iliyomo kwenye sanduku, kiti, pazia, nani yuko kushoto, naye ananitajia majina nami naandika nyuma kwa penseli. Amekubali majina yaandikwe kwa sharti yakae sandukuni. Tulipofika kwa nyanya alisema, "Hiyo usiandike, hiyo naijua." Sikuandika.

Kina dada, ninyi hasa naomba mnisahihishe, maana hili nimelisema kama mwanamume na huenda nimelikosea tena.

Wasalaam, kutoka Saint Paul.