Uzi Mweupe, Kitambaa Cheupe

Ukiingia katika nyumba nyingi za Ipole, baada ya mwenye nyumba kinachokukaribisha ni rangi. Makochi yamevikwa vitambaa vya tausi wa kijani na mawaridi mekundu, meza ina alizeti, na juu ya redio kuna kitambaa kilichoandikwa "Karibu Mgeni" kwa uzi wa zambarau. Shuka la bibi harusi lina maua kwenye pembe zote nne na jozi ya njiwa katikati, na mashangazi hulikagua kabla halijatandikwa. Huo ndio udarizi tuliokulia: karatasi ya kaboni, ringi ya mbao, uzi wa vichane sita uliogawanywa viwili viwili. Naupenda, na simruhusu mtu audharau mbele yangu. Mwanamke anayedarizi tausi mzima akiwa amerudi shambani hana haja ya kuambiwa sanaa ni nini.

Lakini tausi ni darasa la kwanza. Rangi humsamehe fundi mambo mengi. Mshono uliopinda hufichwa na ua la jirani, pengo hujazwa jani, na jicho la mgeni hukimbilia mkia wa ndege kabla halijafika kwenye mguu ulioharibika. Mafunzo ya juu ya kudarizi kwa mkono, haya ninayoyapitia sasa chini ya mama mmoja mstaafu ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Mwalimu, yalianza kwa yeye kuninyang'anya nyuzi zote za rangi. Akazifunga ndani ya mfuko wa rambo, akaniachia vidonge viwili vya uzi mweupe na kipande cha kitambaa cheupe. "Sasa tuone, mwanangu," akasema, "una mkono au ulikuwa na rangi tu."

Ipole iko wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, pale barabara inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Koga hadi Mpanda, mwingine unakwenda Rungwa hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Vumbi lake ni jekundu na hukaa juu ya kila kitu. Sidhani kuna mahali pagumu zaidi pa kufanya kazi nyeupe, na nadhani Mama Mwalimu anajivunia jambo hilo kimyakimya.

Somo la kwanza la weupe ni kuchomoa nyuzi. Unahesabu nyuzi nne za mlalo, unakata kila mmoja katikati kwa ncha ya mkasi, unauvuta kwa sindano butu kuelekea kando, kisha unaurudisha nyuma na kuuficha ndani ya mshono usionekane tena. Zinabaki nyuzi za wima peke yake, zimelegea, hazina wa kuzishika. Hapo unazifunga nne nne kwa uzi mwembamba, kila fungu likikazwa kiunoni, na kati ya fungu na fungu unatokea uwazi. Uwazi huo ndio pambo. Tangu mwanzo wa kujifunza nilikuwa naongeza: ua juu ya jani, kipepeo juu ya ua. Hapa naambiwa nipunguze, tena nipunguze kwa hesabu, na kilichobaki kishike uzito wa kilichoondoka.

Kisha viua. Kofia ya viua, ile nyeupe ambayo ukiinyanyua mbele ya dirisha inapitisha mwanga katika mamia ya matundu, ndiyo kilele cha udarizi wa mkono katika nchi za Waswahili, na nasema hivyo nikijua kwamba wapenzi wa kanzu za darizi la kifuani watanipinga. Haina rangi hata moja. Haina picha. Ina matundu yaliyopangwa safu kwa safu, nyota kwa nyota, kwenye ukanda wa pembeni na kwenye duara la juu, na kila tundu limeshonwa peke yake.

Kiua kimoja hufanywa hivi. Unachora kiduara kidogo kuliko punje ya mtama kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri, maana ya risasi laini itachafua uzi. Unakizungushia mishono midogo ya bandi, sindano ikizipitia tabaka zote mbili za bafta, kwa kuwa kofia ni tabaka mbili na zikiteleza mtu atavaa makunyanzi. Halafu unatoboa katikati. Mama Mwalimu hutumia mwiba wa nungunungu, nao kwangu ni bora kuliko chuma chochote, kwa sababu mwiba husukuma nyuzi pembeni bila kuzikata. Kisha unaanza kuzungusha: sindano inazama tunduni, inatokea nje kidogo ya mstari wa bandi, inavutwa, inazama tena kando ya ilipotoka, bila kuacha upenyo na bila kumpanda jirani. Nguvu ya kuvuta lazima iwe ileile kutoka mshono wa kwanza hadi wa mwisho. Ukilegeza, tundu linajifunga lenyewe kofia ikishafuliwa. Ukikaza kupita kiasi, kitambaa kinanyanyuka kama kipele, na kipele hakishuki hata kwa pasi ya mkaa.

Ukishamaliza kimoja unageuza upande wa pili. Hapo ndipo Mama Mwalimu anapoanza kutazama, kwa sababu yeye huanza kusoma kazi mgongoni. Fundo haliruhusiwi. Uzi unaanza kwa kujificha chini ya mishono yake wenyewe na unaisha hivyo hivyo. Kuruka kutoka kiua hadi kiua kwa uzi mrefu nyuma ya kitambaa, njia ya mkato ambayo kwenye tausi hakuna anayeijua, hapa inaonekana mchana kweupe: tabaka ni nyembamba na uzi uliokatisha huonekana kwa mbele. Weupe hauna pa kuficha kitu. Kofia moja iliyoshonwa hivyo humla fundi miezi, na hiyo ni kwa fundi aliyekwisha kujua kazi.

Na kitambaa chenyewe kina historia ndefu katika njia hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea Ujiji ilitembea kwa nguvu za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo mkubwa mabegani mwao ulikuwa nguo. Merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na majimbo jirani, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani vya 1861 hadi 1865 vilipovuruga viwanda vile, merikani iliadimika hata huku bara. Watu walipimiana kwa mkono: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Hongo ya mtemi, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwa nguo, mshahara wa mpagazi vilevile, na mtama wa njiani. Mwaka 1871 msafiri Stanley, akiukwepa ugomvi wa mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, alizungukia kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, na majora ya nguo ndiyo yaliyomfungulia njia katika misitu ya upande huu.

Kwa hiyo kitambaa cheupe huku kilikuwa fedha. Mtu aliyekaa chini, akachukua kipande cha fedha hiyo, akakitoboa matundu mamia kwa hiari yake na kukirudisha kikiwa na thamani kuliko kilivyokuwa kizima, huyo alikuwa anafanya jambo la kiburi kidogo. Kiburi kizuri, naomba nieleweke.

Kofia yenyewe haikuwa jambo la urembo tu. Unguja ya zamani ilimtaka mtumwa aende kichwa wazi na miguu mitupu. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, walioachwa huru walikimbilia kanzu na kofia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Njia hii ya Tabora ilipitisha wapagazi wa ujira, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo kuelekea pwani. Nikitazama kofia nyeupe juu ya kichwa cha mzee anayetoka msikitini Tabora mjini, sioni sababu ya kumwambia mtu kwamba matundu yale ni mapambo madogo ya wanawake wasio na kazi.

Ipole ina mzizi mwingine wa sindano, na huu hauzungumzwi sana. Wamoravian walipokea kazi ya misheni ya Urambo kutoka kwa Waingereza wa London Missionary Society mwaka 1898, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamekwisha kufika Sikonge na Ipole. Kanisa lao lilitoka Herrnhut, katika Saxony, Ujerumani, nchi ambayo katika karne ya 18 ilikuwa na sifa ya udarizi uliojulikana kwa jina la Dresden: muslini nyeupe, uzi mweupe, nyuzi zilizovutwa na kufungwa hadi kitambaa kikaonekana kama hewa imeshonwa. Walikokwenda, walikwenda na sindano. Huko Bethlehem, Pennsylvania, mji walioujenga mwaka 1741, wanawake wasioolewa waliishi pamoja katika nyumba yao na sindano ilikuwa sehemu ya riziki yao. Hao ndio waliomdarizia jemadari Pulaski bendera ya hariri nyekundu mwaka 1778, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani. Mshairi Longfellow aliwatungia shairi akawageuza watawa wenye vyetezo vya ubani, mambo ambayo Wamoravian wa hapa Ipole wangeyacheka mpaka machozi yawatoke.

Mama Mwalimu ni Mmoravian. Anayenunua kofia zake ni Mwislamu. Sijawahi kusikia yeyote kati yao akiliona hilo kuwa jambo la kuandikia insha.

Turudi kwenye vidole. Msimu wa tumbaku gundi ya jani bichi hunata mikononi ikageuka nyeusi, na haitoki kwa maji matupu. Sheria ya nyumba ile ni kwamba anayetoka shambani au kwenye bani la kukaushia tumbaku hagusi kitambaa mpaka asugue mikono kwa majivu na sabuni ya kipande, akaushe, kisha aifute kwenye kitambaa kibovu cheupe na kumwonyesha mwalimu kile kitambaa. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakirudishwa karoni mara ya pili. Wanakwenda bila kunung'unika. Vumbi nalo lina sheria yake: unashona ukiwa umefunika sehemu yote isipokuwa ile ndogo iliyo chini ya sindano, hivyo huioni kazi yako nzima mpaka itakapokwisha.

Kwa upande mwingine, msitu wetu una kitu ambacho wadarizi wa mbali wanakihitaji. Royal School of Needlework, shule ya London iliyoanzishwa mwaka 1872, mwaka uleule ambao Livingstone na Stanley waliagana Kwihara karibu na Tabora, leo inafundishia katika kasri la Hampton Court. Huko ngazi hupandwa polepole: sufu juu ya kitani, kivuli cha hariri, dhahabu, weupe juu ya weupe. Katika kazi ya dhahabu, uzi wa kushikizia hupitishwa kwanza kwenye kipande cha nta ya nyuki ili usisuguliwe na chuma ukakatika. Nta ya Unyamwezi imekuwa ikiuzwa ng'ambo tangu enzi za Wajerumani. Sina njia ya kujua kipande kipi kilitoka wapi, lakini fikra hiyo hunifurahisha kila ninapopita chini ya mzinga wa gome ulioning'inia mtini. Kwenye viua, hata hivyo, nta ni mwiko: hushika vumbi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nijitese, na ilhali kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei ya soda chache. Ni swali la haki, na silijibu kwa kusema mashine haina roho. Maneno hayo hayalipi ada ya mtoto. Nasema kwamba ni vitu viwili tofauti. Mashine hushona kitambaa ikafuata mchoro. Mkono hukisikiliza: huku uzi umefumwa mnene, vuta kidogo, huku ni mlegevu, sogeza kiua nusu punje. Ndiyo maana kofia ya mkono ikifuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya faroma, inarudi umbo lake mwaka hadi mwaka. Wanaume wa Oman, ambao kofia zao nyeupe ni ndugu wa kofia za Unguja, hulijua hilo na hulipa ipasavyo. Huku kwetu wanunuzi hulipa nusu, kisha huomba wapunguziwe. Hilo ni kosa, nami nalihesabu kuwa ni dharau iliyovaa nguo za umaskini: haohao hawaombi punguzo kwenye kifurushi cha bando.

Mimi sasa niko kwenye duara la juu la kofia yangu ya kwanza, na tuna ubishi ndani ya nyumba. Nataka kuweka jina langu. Kofia za pwani hazina majina ya waliozishona, na katika shairi la Longfellow jina la Pulaski limo kwenye kichwa chake ila la mwanamke hata mmoja aliyeshika sindano halimo. Mama Mwalimu anaona jina juu ya kofia ni majivuno, na kwamba fundi mwenzako atakujua kwa mkono wako bila kusoma chochote. Nimemwambia, "Mama, na asiye fundi je?" Amesema asiye fundi hahitaji kujua. Hatujapatana. Mahali pekee panapofaa ni ndani ya pindo la chini, na pindo hushonwa mwisho, kwa hiyo nina muda wa kutosha wa kumshawishi, na yeye pia.