Utendi wa Mwana Kupona Kando ya Kitanda cha Mgonjwa



Arusini hapa kwetu Kihonda, siku ya kumfunda mwari, hatokosi mama mwenye sauti nzuri wa kuwasomea wenzake baiti chache za Utendi wa Mwana Kupona. Nazo ni zile za katikati: mume akilala asiamshwe, apepewe, akandwe mwili, akitoka aagwe kwa maneno mazuri na akirudi apokewe. Sisi wanaume tulioketi barazani huyasikia maneno hayo ng'ambo ya ukuta, tukatikisa vichwa kwa kuridhika, kisha tukaitisha kahawa.

Leo nataka kusema nawe juu ya utendi huo, kwa sababu naona tunaudhulumu. Tunausoma kama mtu aliyeingia msikitini katikati ya hotuba akatoka kabla ya dua, kisha akasimulia watu kuwa ameisikia hotuba yote.

Tuurudie tangu mwanzo. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani Pate yapata mwaka 1810, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na masultani wa Unguja. Mumewe alipofariki mwaka 1856 alibaki na mtoto wa kiume, Muhammad, na wa kike, Mwana Hashima. Utendi aliutunga mwaka 1275 Hijria, nao ni 1858 Miladia, na baada ya miaka michache akafariki. Basi hakuwa kikongwe. Lakini alikuwa mgonjwa, na mwenyewe anasema ugonjwa umemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake asogee, akae naye karibu, alete wino na karatasi, kwani ana neno moyoni. Na mwishoni, baada ya wasia wote, anainua mikono kumwomba Mwenyezi Mungu amwondolee maradhi, na anawaombea wanawe na jamaa zake.

Kwa hiyo utendi mzima, tangu baiti ya kwanza hata ya mwisho, ni sauti inayotoka kitandani. Yule binti anayefundwa namna ya kumpepea mume, saa ile ile ameketi kando ya mama asiyejiweza. Sijui ni mara ngapi niliusoma na kuufundisha bila kuliona jambo hili. Nililiona mama yangu alipopatwa na kiharusi, na huu ni mwaka wa tatu.

Iko baiti moja ambayo vijana waliosoma huichukia. Humo binti anaambiwa amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Wengine husema hapo mwanamke amefanywa yaya wa mtu mzima. Zamani nami niliona ni mzaha wa mama. Lakini mwingie mtu aliyepooza upande mmoja, ulimi umekuwa mzito, anataka maji na neno linalomtoka ni jina la marehemu kaka yake, ndipo utajua kuwa mtunzi alikuwa anasema jambo analolifahamu. Asiyeweza kusema yampasa anayemhudumia asome jicho lake, na kunja la uso, na mkono unaovuta shuka. Hiyo ni elimu, na haipatikani siku moja.

Hata hivyo, hapo ndipo ninapohitilafiana na mtunzi, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kuhitilafiana zaidi na sisi tunaomnukuu. Mfano wa mtoto una hatari. Mtoto hutoka katika udhaifu akaenda kwenye nguvu, na kila siku anayemlea hufurahi. Mzee huenda kinyume. Na mtoto haoni haya kuvuliwa nguo, ilhali mzee anaona haya sana, hata anapokuwa amesahau majina yetu. Nimeona nyumba ambamo wajukuu humsemesha bibi yao kwa sauti ya kitoto, humcheka anapomwaga uji, humbadilisha nguo mlango ukiwa wazi. Hawakukusudia ubaya, bali wamechukua ule mfano wa mtoto wakaufuata mpaka mwisho.

Linganisha na Sura ya Al-Israa, aya ya 23 na ya 24. Hapo tumekatazwa hata kuguna mbele ya wazazi waliofikia uzee, tumeamrishwa tuseme nao kwa heshima, na tukafundishwa kuwaombea rehema kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Angalia mdogo ni nani katika dua hiyo. Mdogo ni mimi na wewe! Mzee hakuitwa mtoto. Sisi ndio tuliokumbushwa kuwa tulikuwa watoto, tukaoshwa na mikono hii hii iliyolegea leo. Na aya inasema juu ya mzazi aliyefikia uzee akiwa kwako, yaani ubavuni pako, nyumbani mwako. Haikusema anayetumiwa pesa za simu kila mwisho wa mwezi. Pesa zinahitajika, tena sana. Dawa za presha, nepi za watu wazima na sabuni havinunuliwi kwa dua. Lakini treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024 imeileta Dar es Salaam karibu na Morogoro, na bado wako wanaokuja kwa maziko tu.

Jambo la pili la kumkosoa mtunzi ni hili. Anahesabu watu watano wenye haki juu ya binti yake: Mungu, Mtume, baba, mama, na wa tano mume. Baba na mama wanatajwa, kisha utendi unahamia kwa mume na kukaa huko muda mrefu. Mama mgonjwa hajidai chochote kwa ajili yake zaidi ya kusogelewa na kuombewa. Kwa nini? Nadhani ni ile tabia ya wazazi wetu, na kila anayeuguza anaijua. Ukimwuliza mzee hali, hujibu hajambo. Kumbe amelala penye majimaji tangu alfajiri, na mgongo unamuuma. Daktari alitufundisha kuwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi hufa ikafanya vidonda vya kulala. Na kwamba alishwe akiwa ameketishwa, chakula kisije kikapita njia ya pumzi. Mgonjwa mwenyewe hasemi haya. Hakuyasema Mwana Kupona, na mama yangu hayasemi.

Na mtoto wa kiume yuko wapi? Yumo katika maombi ya mamaye, lakini wasia wa kazi wote ni wa binti. Hapa siwezi kumlaumu mwanamke wa mwaka 1858 kabla ya kujilaumu mimi. Miaka mingi nimefundisha wema kwa wazazi, na darasa langu hujaa. Mwaka ule wa kwanza wa kiharusi, aliyemgeuza mama ni dada yangu, na aliyefua shuka ni mke wangu. Mimi nilikuwa nikiingia baada ya Isha, namsomea, nampulizia, nakwenda kulala. Siku moja dada aliniomba nimsaidie, nikajibu kwa elimu: mimi mwanamume, kuna suala la aura. Akanitazama akaniambia, "Kaka, kumshikilia bakuli la uji kuna aura gani? Kumgeuza mgongo na nguo zake mwilini kuna aura gani?"

Sikuwa na hoja. Na hata katika kuosha, fikihi haikufunga mlango: asipokuwapo mwanamke, dharura huruhusu mwana kumsafisha mama kwa kadiri ya haja, akiwa na kitambaa mkononi na macho ameyainamisha. Niliyajua hayo, nilikuwa nimeyafundisha. Hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaisimulia kila mwaka. Mmoja wao alikuwa akiwakamulia wazazi wake wazee maziwa. Usiku mmoja aliwakuta wamelala, akasimama na chombo mkononi hadi alfajiri, na watoto wake wakilia kwa njaa. Hadithi haisemi kuwa alimtuma mkewe asimame.

Hapa Morogoro yako makazi ya wazee ya Fungafunga, kwa wasio na mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo imeitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo. Sawa kabisa, ila neno familia ni pana, na jambo pana humwangukia mmoja. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, nimekaa vikao vya kuulizana mgonjwa ni wa wajomba au ni wa watoto, na kikao kinapokwisha usiku aliyebaki na beseni ni yule yule binti aliyekuwa nalo asubuhi. Wala hakuitwa kikaoni.

Nilipomsomea dada yangu mwanzo wa utendi, alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na huyo Mwana Hashima, mwaka mzima anauguza, nani alikuwa anampokea akalale?" Utendi hausemi. Siku hizi zamu ya saa nne usiku hadi saa nane ni yangu, na nimegundua kuwa mama huwa na maneno mengi saa saba.

Mwaka huu madrasa tunausoma utendi tangu baiti ya kwanza, wavulana pamoja na wasichana. Kijana mmoja alinung'unika kuwa mambo haya ni ya wanawake. Nikampa kazi ya nyumbani: akaulize bibi yake hugeuzwa na nani usiku. Bado hajaniletea jibu.