Neno Lenye Wino Mwekundu

Mwalimu mzee wa kwaya alikunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, na sauti zaidi ya ishirini zikashuka naye mpaka zikabaki kama pumzi. Hakuna aliyekata kabla ya mwenzake. Ilikuwa Jumamosi jioni, Newala, upepo wa baridi ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, nami nimekaa benchi la nyuma kama mtoto aliyekuja kusubiri mama yake.

Wimbo ulikuwa ule wa Krismasi, wa usiku mtulivu, tunaoujua sote, wa Franz Xaver Gruber, ulioimbwa mara ya kwanza kwa gitaa huko Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818. Besi walitangulia kidogo. Mzee akasimamisha. "Baba zangu, mnakimbilia wapi? Mtoto amelala."

Wakarudia. Safari hii walimlaza.

Baadaye alinionyesha kauntabuku lake. Nota zote ameziandika kwa mkono: d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili zikitenga mapigo, kistari kikivuta sauti. Kurasa zimelainika pembeni kama kitambaa. Juu ya mistari, kwa wino mwekundu, ameweka maneno yake mwenyewe: "ikue", "ipoe", na pale katikati ya ubeti wa mwisho, "ngoja". Hilo "ngoja" amelipigia mstari mara mbili. Nililitazama sana.

Watunzi wa Ulaya wa karne ya 19, enzi ya Ulimbwende, waliyaita mambo hayohayo kwa Kiitaliano. Sauti ikikua kidogo kidogo ni kreshendo, ikipoa ni diminuendo. Na "ngoja" ya mzee ni rubato, yaani mwendo ulioibwa: nota moja unaichelewesha, nyingine unaiwahisha, kwa kadiri moyo wa wimbo unavyotaka. Si kupotea mapigo. Chopin aliwafundisha wanafunzi wake wa piano kwamba mkono wa kushoto ushike mwendo, wa kulia uwe huru. Aliyekulia penye ngoma ya sindimba haelezwi mara mbili: ngoma ndogo zinashika mwendo, kubwa inasema.

Ufundi huu wa kwaya una umri huku kwetu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906. Nyimbo zilikuja nao, lakini walioziweka vinywani mwa watu ni walimu wa kwaya, kizazi baada ya kizazi, wengi wakiwa hawana ala yoyote ila koo lao. Mwalimu anaguna "do", kila sauti inachukua yake, basi.

Siku hizi nasikia kitu kingine. Mkesha mmoja wa Krismasi, katika kanisa ambalo sitalitaja, kijana alibonyeza kitufe cha kinanda, biti ikaanza, na wimbo uleule wa usiku mtulivu ukaenda mbio mwanzo hadi mwisho. Teno na alto waliacha njia zao wakafuata soprano. Besi walifunikwa na spika. Tulipofika penye "ngoja" hakuna aliyengoja, kwa kuwa biti ile haimngojei mtu. Watu walipiga makofi, nami niliumia, maana waimbaji wale wana sauti nzuri kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakunjia vidole.

Vijana wa kwaya wa Masasi na Newala, kinanda mnacho na kinafaa. Ila zimeni biti kwa wimbo mmoja tu, mumwite mzee wenu asimame mbele yenu angali na nguvu za kunyanyua mkono. Kisha liazimeni kauntabuku lake mlinakili lote, na kalamu nyekundu msiisahau.