Kutoka Juu ya Dungu

Mahindi yakishabeba, kijijini kwetu Zombo hatulali vizuri. Nyani huanza kushuka alfajiri, na shamba lililo pembezoni lisipokuwa na dungu na mtu juu yake, mwenye shamba atavuna mabua. Nimekulia kwenye dungu hilo, debe mapajani, bibi akinionya kila siku: anayepiga kelele mwache, mtafute aliyenyamaza. Niliamini ni maarifa ya kulinda mahindi, basi.

Kumbe si mbali na kwetu, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kulikuwa na watu walioifanya kazi ya kutazama kuwa elimu. Ramon Rhine, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, alianza kuwafuatilia nyani wa Mikumi katika miaka ya 1970. Yeye, Guy Norton na wenzao walitembea na makundi hayo kwa miguu, daftari mkononi. Utafiti wao mmoja wa mimea wanayokula nyani ulichukua miaka mitano. Miaka mitano ya kuandika nani kachuma nini, wapi, mwezi gani! Mimi nilimtazama nyani ili nimfukuze. Wao walimwacha ale, wakahesabu.

Fundi ninayemheshimu zaidi katika kazi hii ni Jeanne Altmann, aliyewachunguza nyani wa Amboseli, Kenya. Mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu namna ya kutazama, na kiini chake ni haki. Jicho la mwanadamu hukimbilia vurugu. Madume wawili wakikamatana tunaandika kurasa mbili. Jike aliyekaa kando akinyonyesha hapati hata mstari. Ukilisoma daftari la namna hiyo utasadiki kwamba nyani wanaishi kwa ugomvi. Altmann akasema: mchague mmoja kabla hujaanza, panga muda, kisha usibanduke kwake mpaka muda uishe. Akisinzia, andika kwamba anasinzia. Vita vikizuka nyuma yako, si zamu ya vita.

Alikosoa pia desturi ya kuweka alama moja kwa kila kipindi ambacho kitendo kimeonekana, kwa sababu aliyemtoa mwenzake chawa kwa sekunde tatu na aliyefanya hivyo dakika nzima wanalingana. Rhine naye hakuishia kubishana: mwaka 1978 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya kuzilinganisha mbinu tatu, hiyo iliyolaumiwa ikiwemo. Napenda ubishi wa aina hii, unaorudi kwa wanyama wenyewe kuamuliwa.

Mkono huo huo wa subira, safari hii kwa watoto wa binadamu, ulikuwa kwa mwanasaikolojia Mary Ainsworth katika vijiji vya Waganda, Uganda, miaka ya 1950. Nyumba 26, akizirudia kila baada ya wiki mbili akiwa na mkalimani, akitazama mtoto anamfuata nani kwa macho na analia nani akitoka. Mengi yanayofundishwa leo kuhusu mtoto anavyoshikamana na mama yake yalianzia kwenye nyumba zile.

Msimu uliopita nilipanda tena dunguni na binti wa dada yangu. Tulichagua jike mmoja ukingoni mwa shamba, dakika kumi, kila mtu na karatasi yake, hakuna kusemezana. Dakika sita nzima tuliandika neno moja: amekaa. Mkono wangu ulikuwa unaniwasha kupiga debe. Dakika ya saba kijana dume alipita karibu yake. Muda ulipokwisha tukalinganisha.

Mimi niliandika: amekasirika.

Yeye: ameinua nyusi, ameonyesha kope, dume amegeuka.

"Mjomba, hasira umeiona wapi?" aliniuliza.

Sikuwa na pa kumwonyesha. Tulilifuta neno langu, tukamtafuta jike mwingine.