Kitiririshi au Kisimbuzi cha Mtandao?

Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, hujulikana kwa mananasi, wala si kwa mijadala ya istilahi. Hata hivyo ni huko, kando ya barabara iendayo Msata, tulikokutana na jambo lililotusukuma kuandika makala haya. Mkulima mmoja alikuwa amenunua mjini kijisanduku cha kuunganishwa na televisheni. Muuzaji alimwambia kuwa ni king'amuzi kisichodaiwa malipo ya mwezi. Mzee huyo alipokifikisha nyumbani alitafuta tundu la kuchomekea waya wa dishi lake, asilione. Ndipo kijana wake alipomweleza kuwa chombo hicho hakitaki dishi wala antena. Kinataka intaneti, na intaneti pale nyumbani hununuliwa kwa bando. Muuzaji hakusema uongo, kwani malipo ya mwezi kweli hayakuwapo. Lililomponza mnunuzi ni neno.

Basi chombo hicho kiitweje? Neno ambalo limeletwa mbele yetu mara nyingi ni kitiririshi. Tunakusudia kulihakiki neno hilo na kueleza kwa nini hatuliungi mkono.

Yafaa kwanza tukitazame chombo chenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya Netflix ya Marekani ilianza kuwaonyesha wateja wake filamu kwa njia ya intaneti. Mwaka huohuo ilitoka Apple TV ya kwanza, nayo ilikuwa na diski ya gigabaiti 40. Filamu iliweza kupakuliwa na kuwekwa humo, mfano wa chakula kinachopakuliwa sahanini kabla ya kuliwa. Mei 2008 kampuni ya Roku ilitoa kijisanduku cha dola 99.99 ambacho hakikuwa na ghala la kuhifadhia filamu. Kilizipokea kutoka Netflix peke yake, kikazionyesha papo hapo. (Roku ni neno la Kijapani lenye maana ya sita, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa ya sita kuanzishwa na mwenyewe, Anthony Wood. Ni bahati njema kwamba hatukuombwa kulitafsiri.) Mwaka 2010 Apple nayo iliiondoa diski yake. Julai 2013 ikaja Chromecast ya Google, kijiti cha dola 35 kisichokuwa na rimoti: mtazamaji aliamuru kwa simu, na kijiti kikachota picha chenyewe kutoka mtandaoni. Uzalishaji wake ulikomeshwa mwaka 2024, lakini vijiti vya namna hiyo vipo vingi madukani. Kwa hiyo jina halitaweza kutokana na umbo. Aliye na kisanduku na aliye na kijiti wana chombo kimoja.

Sifa yake kuu ni kwamba hupokea vipande vya picha na sauti, hukusanya kiasi kidogo tu, huvionyesha, kisha huviacha vipotee. Hiyo ndiyo maana ya mtiririko, na neno mtiririko halina kasoro. Kasoro inaanza pale tunapounda jina la chombo kutokana na kitenzi tiririsha, ambacho kiko katika kauli ya kutendesha. Ni nani anayetiririsha? Ni mitambo ya kampuni iliyo mbali. Chombo kilicho sebuleni hukinga tu. Mtu aendaye na ndoo kuteka maji ya mto Wami hatumwiti mtiririshaji wa Wami. Kitiririshi, basi, ni jina linalomfaa mtumaji, nalo limebandikwa kwa mpokeaji.

Kuna na wale wanaotaka kukiita chombo cha mubashara. Hao tuwajibu kwa ufupi: mubashara ni tukio linaloonyeshwa wakati linapotendeka, lakini filamu ya zamani nayo hutiririka.

Tuliache kosa la sarufi, maana lugha imekwisha kumeza makosa makubwa kuliko hilo. Lililo zito zaidi ni kwamba kitiririshi hakimwambii mnunuzi picha zinatoka wapi. Katika jambo hili wananchi wametutangulia. Usiku wa Desemba 31, 2012, matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, neno king'amuzi lilikuwa tayari midomoni mwa watu, na katika miaka iliyofuata likaenea pamoja na chombo chenyewe. Baadaye likaja kisimbuzi, kwa hoja kwamba kung'amua ni kazi ya akili, ambapo chombo kazi yake ni kusimbua, yaani kuufungua msimbo. Hoja hiyo tunaikubali, ingawa king'amuzi hakijatoka mitaani wala hatuoni dalili ya kutoka. Ila jambo la maana zaidi lilitendeka dukani bila ya kamati yoyote: watu walianza kusema cha dishi na cha antena. Maneno hayo mawili mafupi humweleza mnunuzi anachopaswa kuwa nacho nyumbani kabla ya kutoa fedha yake.

Kijana wa yule mzee alikiita chombo chao king'amuzi cha bando. Tukiri kwamba tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa alikuwa amelitatua swali letu. Alifuata utaratibu uleule wa dishi na antena. Wala haifai kupinga kwamba chombo hiki si kisimbuzi. Picha zake husafirishwa zikiwa zimebanwa na kuwekwa katika msimbo, na hicho ndicho kinachozisimbua. Badiliko pekee tunalolitaka ni bando, kwa kuwa mwenye intaneti ya waya hanunui bando. Tunapendekeza kisimbuzi cha mtandao, kikae pamoja na ndugu zake wawili, cha dishi na cha antena. Na neno kisimbuzi lisiandikwe peke yake katika tangazo la biashara.

Hata hivyo bando lisikosekane katika fasili. Netflix yenyewe hueleza kuwa saa 1 ya picha za ubora wa juu huweza kutumia hadi gigabaiti 3, na za ubora wa kawaida hadi gigabaiti 1. Mwenye kibanda umiza anayeonyesha mchezo wa mpira wa saa 2 kwa picha za ubora huo wa juu aweza kumaliza gigabaiti 6, ilhali mwenye dishi haongezewi gharama kwa kila saa anayotazama. Tunaandika hivi: kisimbuzi cha mtandao ni chombo kinachounganishwa na televisheni ili kupokea picha na sauti kwa intaneti na kuzionyesha papo hapo, bila dishi wala antena, na ambacho hutumia intaneti ya kulipiwa kwa muda wote kinapoonyesha.

Zimebaki televisheni zilizokwisha kutiwa uwezo huo kiwandani. Hizo hazihitaji chombo cha pembeni, na jina lake tutalijadili mbali.