Fundi asiyebahatisha

Mwalimu alishuka kwenye IST yake na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na plagi nne, koili, sensa ya oksijeni na pampu ya mafuta. Vyote vilikuwa vimetolewa kwenye gari hilo na mafundi waliotangulia, na vingi vilikuwa bado vizima. Gari lenyewe halikubadilika: likishapata moto linakosa nguvu mlimani, linasitasita, mwishowe linazima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nieleze. Linazima ghafla, au linafifia kwanza?"

Mzee huyu ana gereji ya uwanjani pale Manzese, Dar es Salaam, na hafungui boneti kabla ya kumaliza maswali. Likizima, linawaka papo hapo au mpaka lipumzike? Lilianza lini? Mwalimu akajibu kwamba linafifia kwanza, likipumzika robo saa linawaka, na lilianza baada ya masika, maji yalipoingia ndani yakalowesha zulia. Fundi akaitikia kwa kichwa, hakusema neno. Gari linalokatika ghafla humfanya aifikirie sensa ya krenki, ambayo ikichakaa huweza kukata mawasiliano ikipata joto. Linalofifia ni la mafuta, la hewa, au la eksozi iliyoziba.

Mashine ya kupimia ilitoa namba P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta kidogo. Hapo ndipo sensa ya oksijeni ilipobadilishwa bure, maana ilikuwa inasema kweli. Akaanza na hewa kwa kuwa ndiyo nyepesi kuikagua. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, alipuliza kaboklina kidogo kidogo kuzunguka manifoldi, kiungo hadi kiungo, ameinamisha sikio. Pangekuwa na mahali panapovuta hewa, mlio ungebadilika. Haukubadilika.

Ikaja zamu ya presha ya mafuta. Aliikatia pampu umeme akaiacha injini iwake mpaka ikazima yenyewe kwa kukosa petroli, kwa sababu paipu yenye presha ikifunguliwa, mafuta humrukia mtu usoni. Akatandika kitambaa chini ya kiungo, akaweka mtungi wa kuzimia moto karibu na miguu, ndipo akaunga geji kwenye njia ya mafuta na kuirudishia pampu umeme. Injini ya gari hili, 1NZ-FE ya lita 1.5, inatakiwa ishike kati ya psi 44 na 50. Geji ilionyesha 46.

Mafundi wengi wangeishia hapo. Yeye alipitisha mpira wa geji kwenye upenyo wa boneti, akaibandika geji kwa tepu kwenye kioo cha mbele ili isomeke kutoka ndani, akamkalisha kijana wake kando na kuingia barabara ya Morogoro. Hakuwa na haraka. Alitaka injini ipate moto na ugonjwa ujitokeze wenyewe. Ubungo ilikuwa bado 46. Mwinuko wa kwenda Kimara ulipoanza, kijana akasoma: arobaini na tatu, thelathini na nane. Ilipofika thelathini na moja gari likaanza kusita.

"Umeona?" fundi akauliza, na uso wake ulikuwa umechangamka kabisa.

Alisogea pembeni ya barabara bila kuzima injini. Pampu ilikuwa mpya, na presha ilishuka vilevile. Basi alitaka kujua pampu inapata umeme kiasi gani. Alinyanyua kiti cha nyuma, akachomeka sindano za mita kwenye soketi ya pampu kwa nyuma, bila kuichomoa. Betri ilikuwa na volti 13.9. Pampu ilipata 10.4 tu. Waya chanya aliukuta mzima. Akahamishia sindano moja kwenye waya wa hasi na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, kwa waya mrefu aliouandaa mwenyewe kwa kazi hiyo. Mita ikasoma volti 3.4, mahali ambapo palitakiwa pasome karibu na sifuri.

Aliufuata waya ule kwa vidole chini ya zulia mpaka kwenye bolti inayoushikilia kwenye bodi. Akaigusa, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Maji ya masika yalikuwa yametengeneza kutu katikati ya kichwa cha waya na bati. Umeme ukipenya kwa shida hapo, kiungo kinapata joto, na kadiri kinavyopata joto ndivyo kinavyozidi kuuzuia. Ndiyo maana gari lilikuwa zima kabla ya kupata moto.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Alizima injini, akafungua bolti kwa spana namba 10, akakata kipande cha waya kilichogeuka kijani, akabana kichwa kipya na kukichomelea kwa risasi. Aliposugua bati kwa msasa hakuridhika na weupe wa juujuu. Alisugua, akafuta, akatazama kwa tochi, akasugua tena mpaka bati likang'aa pande zote. Akafunga, akapaka grisi, akapima: volti 0.1.

Walirudi Ubungo, wakapanda tena mwinuko uleule, taa zimewashwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Geji haikutoka 46.

Spea iliyotumika ni kichwa kimoja cha waya. Gharama iliyobaki ilikuwa ya muda wake, na mwalimu alilipa bila kuomba punguzo. Nawe kama gari lako liliwahi kuingiwa na maji na sasa linafifia likipata moto, mwombe fundi apime waya wa hasi wa pampu, injini ikiwa imewaka, kabla hujaenda Gerezani kununua pampu nyingine.